Virginia Wairimu Njogu na Wali wa Kushikamana

Marehemu Virginia Wairimu Njogu alizaliwa Kimbimbi, Mwea, tarehe 2 Desemba 1979, kifungua mimba wa Mama Damaris na hayati Mzee Njogu. Ilikuwa ni wakati wa kuvuna mpunga. Kabla hajajua kusoma alishajua kupika pishori, mchele wetu wa Mwea unaonukia, kila punje ikakaa peke yake, kwani mama yake hakukubali wali wa namna nyingine jikoni mwake.

Alisoma hapa Kimbimbi hadi mwaka 1993, kisha sekondari Kerugoya, na mwaka 1999 akahitimu upishi mjini Nyeri.

Septemba 2005 alifika Doha, akaajiriwa katika mkahawa wa Kijapani wa hoteli moja. Kwa vile alitoka kwenye mpunga, alikabidhiwa wali. Siku ya kwanza akatia mafuta, akauchambua kwa ustadi wote wa Mwea. Mpishi mkuu, Mzee Hayashi, alipojaribu kuuviringisha kuwa sushi, wali ukamwagika mezani wote. Wairimu alisubiri kufukuzwa. Mzee akacheka mpaka akaketi, akamwambia, "Mwanangu, umepika vizuri mno. Wali wa sushi sharti ushikamane."

Ndiye aliyemsimulia kwamba hapo kale samaki alifukiwa ndani ya wali ili asioze, akaliwa yeye, wali ukatupwa. Baada ya vizazi vingi watu wakaanza kuutia siki na kuula. Akamfundisha sushi ya kufinyangwa kwa vidole na kulazwa kipande cha samaki juu, ya kuviringishwa katika karatasi nyeusi ya mwani, na ile yenye wali nje, ya wateja wanaouogopa mwani. Wairimu alipepea wali upoe kwa miaka minne kabla ya kusimama kaunta mbele ya wateja. Siku za mapumziko chumbani kwao Al Mansoura, yeye na Halima wa Tanga, aliyeishi naye, waliviringisha mayai, parachichi na nguru wa kukaanga. Jamani, waliowahi kualikwa wanazikumbuka Ijumaa zile!

Tarehe 23 Oktoba 2009 alifunga ndoa na dereva Philipo Oloo, huko huko Doha. Mwaka 2011 wakajaliwa Daisy, wakahamia Al Wukair.

Desemba 2013 alikuja likizo na karatasi za mwani sandukuni. Kitu kimoja tu alikitaka: mama aonje kazi yake. Alipomwandalia sushi, mama akabonyeza wali kwa kidole. "Wairimu, kwani siku hizi mchele inakushinda? Hii ni ya kuku." Kuku wakapewa. Wairimu alicheka nasi, lakini jikoni alilia, na hakuleta mwani tena.

Aliugua saratani ya matiti mwaka 2016. Januari 2018 alimpigia mama simu kutoka hospitalini. "Mami, nipikie ile ya kushikamana, mara moja tu." Mama akamjibu, "Ukuje nyumbani, nitakupikia." Alifariki Doha asubuhi ya tarehe 2 Februari 2018.

Ameacha mume wake Philipo, binti yake Daisy, mama yake Damaris, na mdogo wake Marvin, aliyeandika haya.

Wageni wetu, mtakapopakuliwa hemani msiwalaumu wapishi. Wali wa leo mama ameupika mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Pumzika, Wairimu. Wali umeshikamana.