Dakika Ishirini za Shemeji

Benchi la muuza kahawa lililotazamana na lango la hospitali lilikuwa na wenyewe: Kinyozi, ambaye kila adhuhuri aliacha wateja wakimsubiri, Profesa, karani mstaafu mwenye methali ya kila jambo, na Injinia, fundi wa mtandao wa hospitali. Siku hiyo Injinia alikunywa kahawa kama anayekunywa dawa. Tangu afunge rauta mpya, mashine ya kuelekeza mawasiliano ya kompyuta, siku mbili zilizopita, kompyuta za wodini zilikuwa hazipati majibu ya maabara. Ndani ya rauta mlikuwa na majedwali mawili ya njia, orodha za kuonyesha ujumbe upite wapi, la wodi na la maabara, yametengwa makusudi. Kazi yake ilikuwa kufungua upenyo mdogo kati yake. Alibadilisha waya, akazima, akawasha, akaandika upya mpaka macho yakamuuma. Asubuhi hiyo mkurugenzi akaita fundi wa nje, mke wa mdogo wake Injinia. Muda si muda, majibu yakafunguka.

— Dakika ishirini, alisema Injinia. Mimi siku mbili. Na mama ameshanipigia simu kunipa hongera ya shemeji. Hongera napewa mimi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Profesa. Yaani mgeni akiingia, mwenyeji kapona kufanya kazi.

— Mimi nakwambia kaja na neno la siri, alisema Kinyozi. Kapewa na waliotengeneza hiyo mashine. Watu wa kompyuta wanapeana.

Injinia alijua hakuna neno kama hilo. Akanyamaza, uongo ule ulikuwa mtamu kuliko kahawa.

— Neno la siri wapi, alisema Profesa. Kaiharibu mwenyewe, yuko kwake, kwa simu tu. Kisha akakaa kusubiri aitwe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingiaje hapo? aliuliza muuza kahawa.

— Imeingia polepole.

— Basi na mkurugenzi yumo, alisema Kinyozi. Mbona kamwita yeye tu? Mimi nimewaona wanacheka langoni. Mtu hacheki bure.

Injinia alihisi uso unamchoma. Huyo alikuwa mke wa mdogo wake. Tena Injinia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kubana kichwa cha waya, pale mezani kwa mama. Neno moja tu lingetosha kuyakata maneno yale.

— Mimi sisemi kitu, alisema.

Mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe akavuka barabara, akaagiza kikombe. Hakuwa mtu wa benchi.

— Samahani, fundi wa mtandao ni nani kati yenu? Mimi ni wa duka la dawa. Jumatatu na sisi tunaunganishwa kwenye rauta hiyo hiyo. Hii ya maabara ilikuwa na tatizo gani hasa, ili kwetu lisitokee?

Kinyozi akatazama kucha zake. Profesa akamnyooshea Injinia kidole. Injinia ndiye aliyetazamwa, naye hakujua tatizo lilikuwa nini. Shemeji alipokuwa kazini, yeye alisimama ukumbini na simu sikioni, haongei na mtu, mpaka alipomwona anaondoka.

Akatoa simu, safari hii akapiga kweli.

— Shemeji. Ulikuta nini?

— Hukukosea sana, shemeji. Njia ya maabara uliiandika kwenye jedwali la wodi, iko sawa kabisa. Ya wodi kwenye jedwali la maabara ndiyo haikuwepo. Ombi lilikuwa linafika, jibu halijui pa kurudia.

— Ni hilo tu?

— Mstari mmoja. Nilikuulizia, wakasema uko kwenye simu.

— Sikuwa kwenye simu. Sikutaka kukuona.



— Nilijua, alisema shemeji. Jumatatu nije, au nisije?

Wivu ulikuwa palepale kifuani, haujasogea. Tena ulizidi, maana hata kumsema vibaya huyu mtu kulikuwa kumeshakuwa kugumu.

— Njoo. Lakini nitaandika mimi, wewe uangalie.

Akakata simu, akamgeukia mwanamke wa duka la dawa, huku wenzake wakisikia.

— Ilikosa njia ya kurudi, dada. Nilisahau mimi.