Bi Mkubwa Anaondoka Ijumaa

(Imesomwa na katibu wa Kikundi cha Gundi na Mabawa, mwalimu wa hesabu mstaafu, katika ukumbi wa abiria wanaoondoka)

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Uendeshaji wa shirika la ndege. Viongozi wa uwanja. Wenzetu wa mizigo, wa ulinzi na wa usafi mliosimama ukutani. Na ninyi abiria ambao hatukuwaalika lakini mmesogeza mikoba yenu karibu ili msikie:

MAKARIBISHO

Sisi wanakikundi wa Gundi na Mabawa tunafurahi kukupokea, ingawa ukweli ni kwamba wewe ndiye mwenyeji hapa na sisi ndio wageni. Wengi wetu tumezoea kuingia uwanja huu kwa geti la nyuma. Leo tumepita mbele, tumevuliwa viatu na mikanda, na seremala wetu amenyang'anywa kipande cha msasa alichokisahau mfukoni. Hatulalamiki. Tunataka tu ujue kwamba tumefika hapa kwa jasho.

Kile kilichofunikwa shuka nyuma yangu ndicho tulichokuja kukukabidhi. Risala ikiisha utaombwa ulivute shuka hilo. Tafadhali livute kuelekea mkiani, kwa sababu kwenye pua kuna waya mwembamba ambao ulitugharimu wiki mbili.

HISTORIA YETU

Kikundi kilianza miaka tisa iliyopita kikiwa na watu wanne: mpiga rangi magari, seremala wa makabati, mpakia mizigo wa uwanja huu na mimi ninayesoma. Tulikutana chumba cha nyuma cha karakana ya mpiga rangi, Jumamosi mchana, tukaunda ndege ndogo za maboksi zinazoweza kukaa juu ya televisheni. Wake zetu walisema tumekosa kazi za kufanya. Hawakukosea. Lakini ugonjwa huu ukishakuingia hautoki, na kila ndege ilizaliwa kubwa kuliko dada yake, mpaka televisheni zikaelemewa.

Mwenyekiti wetu wa sasa hakuja kujiunga. Alikuja kuulizia mlango wa gari la mdogo wake uliokuwa unapigwa rangi. Alikuwa amestaafu wiki hiyo hiyo, baada ya miaka thelathini na moja ya kusafisha ndege hapa uwanjani, na wenzake wa usafi walimwita Mama Vumbi. Aliukuta mwili wa ndege yetu mpya umelazwa juu ya meza, bado mbao tupu. Akauzunguka mara moja, mikono nyuma.

"Dirisha la nne mmelisogeza," akasema.

Mpiga rangi akamwambia, "Mama, mlango wako uko tayari, uko kule nje."

"Nimeuona. Na hili dirisha mmelisogeza."

Tukapima. Lilikuwa limesogea nusu sentimita. Tangu siku ile hakuondoka, na mlango wa gari ulikaa pale miezi miwili mpaka mdogo wake akaja mwenyewe kuufuata. Mwaka uliofuata tukamchagua mwenyekiti, kwa kura zote, kwa sababu hakuna aliyethubutu kugombea dhidi yake.

KAZI TULIYOIFANYA

Mgeni rasmi, ndege iliyo chini ya shuka unaifahamu. Ni ile ya pangaboi, yenye injini moja kila bawa, ambayo watu wa uwanjani tunaiita Bi Mkubwa. Ilipewa jina hilo siku shirika lako lilipoleta ndege mpya za kasi. Wale wapya wakapata sifa na picha za magazetini, lakini mvua ikizidi na njia zikiharibika, aliyeitwa bado alikuwa yeye, Bi Mkubwa, na aliitika.

Tumemwunda kwa kipimo cha moja kwa nane. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita tatu na nusu. Kazi imechukua miaka minne. Vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshika mabati ya ndege, tulivitia kwa gundi, tone moja moja, kwa bomba la sindano, na viko elfu kumi na moja. Mimi mwalimu wa hesabu nilivihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuaminiwa.

Tusikufiche kwamba karibu tuvunjike kwa sababu ya rangi. Kwa sisi waundaji, ndege ikishapigwa rangi haijaisha. Mtu huchukua brashi laini akaichafua kidogo: moshi nyuma ya injini, mafuta tumboni, rangi iliyobanduka puani. Bila hivyo inaonekana toi. Mpiga rangi wetu ni bingwa wa uchafu. Alifanya kazi hiyo wiki tatu, akatuita tuje kuona. Jumamosi iliyofuata tukafungua chumba tukamkuta Mama Vumbi ametangulia, ana kitambaa na kopo la thina, na Bi Mkubwa anang'aa kama sahani.

Mpiga rangi alikaa chini sakafuni.

"Mwenyekiti, umenifanyia nini?"

"Miaka thelathini na moja nimeutoa huu uchafu kwa mikono yangu. Leo mnaurudisha kwa brashi, nikae niwaangalie?"

"Lakini ndivyo ilivyo. Ndege ya kweli ina uchafu."

"Ina uchafu ikitua. Ikiondoka haina. Mimi nilikuwepo."

Hawakusemezana karibu mwezi mzima. Kisha siku moja yeye mwenyewe aliomba brashi. Alisema moshi wa mpiga rangi ulikuwa umekwenda moja kwa moja nyuma, wakati moshi wa Bi Mkubwa hupinda juu ya bawa, na kama lazima awe mchafu, basi awe na uchafu wake mwenyewe, si wa kubuni. Mpiga rangi akashika taa, yeye akaelekeza. Mwisho akachovya ncha ya kidole kwenye rangi ya kahawia iliyofifia, akaigusisha kidogo pembeni mwa mlango wa abiria, upande wa kushoto, usawa wa bega. Tukauliza ni nini. Akasema hapo ndipo kila mtu anayepanda huweka mkono kabla ya kuinama aingie, na hiyo ndiyo alama pekee ambayo hakuwahi kumaliza kuitoa. Alipomaliza kutueleza alikwenda kuosha mikono, na akakaa huko muda mrefu.

CHANGAMOTO

Chumba chetu ni kidogo. Mabawa yanatoka mlangoni yakiwa yamefunguliwa, na mwili hutoka kwa kuinamishwa, mtu mmoja akiwa nje anatukana. Umeme hukatika rangi ikiwa mbichi. Msasa mzuri hautoshi, na sasa umepungua zaidi kwa sababu ya walinzi wako.

Lakini changamoto kubwa ni ambayo hatukuitarajia. Tulidhani tunaunda mfano wa ndege inayoruka. Mwezi uliopita tukasikia kwamba Bi Mkubwa ameuzwa, na kwamba Ijumaa hii, saa nne asubuhi, ataruka mara ya mwisho kwenda kukatwa vipande, awe chuma chakavu. Siku tuliyoipata habari hiyo Mama Vumbi alichukua bawa akaanza kulipiga msasa, mahali pale pale, mchana kutwa, mpaka seremala akaja akamtoa msasa mkononi taratibu, kwa maana bawa lilikuwa linatoboka.

MAOMBI

Tunaomba mfano huu utundikwe mahali ambapo watoto wataweza kuuona na hawataweza kuufikia. Tunaomba michoro ya zamani ya ndege hii isichomwe bali tupewe sisi. Na tunaomba, kama kuna stoo yoyote isiyotumika yenye mlango mpana, tukumbukwe.

Mgeni rasmi, risala aliyoipitisha mwenyekiti wetu jana inaishia hapo. Ina kurasa tatu. Huu ninaoufungua sasa ni wa nne. Tumeuandika sisi wengine tukiwa bila yeye, kwa hiyo yeye na wewe mnausikia pamoja kwa mara ya kwanza. Yuko mstari wa mbele, kiti cha tatu, na jinsi anavyonitazama ni afadhali nisome haraka.

UKURASA WA NNE

Mama Vumbi ameingia ndani ya Bi Mkubwa mara nyingi kuliko rubani yeyote wa shirika lako. Aliingia kwa mlango wa nyuma na kutoka kwa mlango wa nyuma. Anajua kiti kipi kinalia na dirisha lipi lina mkwaruzo. Hajawahi hata siku moja kuwa humo magurudumu yakiacha ardhi.

Ametusimulia, huku anapangusa vioo vya mfano wetu, kwamba kuna mvua moja ilimkuta ndani amemaliza kazi. Akakaa safu ya tano dirishani, akafunga mkanda, akatulia. Msimamizi akapanda akamkuta.

"Dada, safari ya wapi?"

Akamjibu kwamba alikuwa anajaribu mkanda kama unafunga. Alitusimulia ili tucheke.

Nauli aliwahi kuiweka kando mara mbili. Ya kwanza ikawa ada ya mwanawe, ya pili ikamtibu mama yake. Mwanawe alipopata kazi alimkatia tiketi ya ndege mpya, naye akairudisha. "Hiyo siijui," alisema. "Ninayoijua ilivyo chini ndiyo ninayotaka kuijua ilivyo juu." Ametukataza kabisa tusimwombee. Anasema amefanya kazi maisha yake yote na hataki kuonekana ombaomba mbele ya watu wa ofisini. Tumemheshimu muda wote huu. Leo tumeshindwa, kwa sababu leo ni Jumatano.

Mgeni rasmi, tumeuliza. Tumeambiwa ndege inayokwenda kukatwa haibebi abiria, ila wenye kazi ndani yake tu. Sawa. Hatuombi abebwe kama abiria. Tunaomba apewe kazi. Ndege hii haijawahi kuondoka hapa ikiwa chafu, na huko inakokwenda hakuna mtu wa kuipokea kwa kitambaa. Mwandike kwenye orodha ya wafanyakazi wa safari hiyo, siku moja tu, bila malipo, msafishaji. Na akishamaliza kazi yake, wakiwa juu, asiulizwe amekaa wapi.

Hatakusumbua kumrudisha. Atarudi kwa basi, ni mwendo wa siku moja na nusu. Mpiga rangi na mkewe wanaondoka leo jioni ili Ijumaa wawe wamefika, wamngoje nje ya uzio. Wamesema watakwenda ukikubali na watakwenda ukikataa, maana hawataki kuwa wamekaa nyumbani jibu likichelewa.

Hatukuombi ujibu kwa hotuba. Ukitikisa kichwa tutaelewa, kwa upande wowote.

Mwenyezi Mungu akupe afya na moyo mwepesi. Awatunze walio angani saa hii na awashushe palipo na watu wao.

Ni sisi, Kikundi cha Gundi na Mabawa. Wanachama ni wanane. Wametia saini saba.