Kilo Ishirini na Nane za Nguzo

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha gari dogo, kilichong'olewa zamani na kuwekwa juu ya matofali nje ya geti la uwanja wa vyuma chakavu, pale njia mbili zinapokutana. Kina nafasi ya makalio matatu tu. Wa nne hukalia ndoo iliyopinduliwa, na wa tano husimama huku akiapa kwamba anapenda kusimama. Mwenye uwanja ni Ratili, aliyepewa jina hilo kwa sababu haamini kitu ambacho hajakipima. Kando ya geti ameweka mzani wake wa sahani pana ya chuma, unaopimia betri, injini na mageti ya watu waliohama. Bi Buli humimina kahawa. Mawimbi, fundi redio, huleta habari ambazo redio zenyewe hazijazipata, na Profesa, aliyeosha chupa katika maabara ya shule kwa miaka kumi na tisa, huzifafanua. Kila Ijumaa saa kumi, kazi zikilegea, kijiwe kizima hugeuka zahanati, maana ndiyo saa ya kumpima Nguzo.

Nguzo ni shemeji yake Ratili, kamuoa dada yake mdogo. Kazi yake ni umeme wa nguzoni, kupanda, kuunga na kushuka, lakini mwili uliongezeka mpaka ngazi zikaanza kulia. Bosi akamwambia mkanda wa kupandia ni wa mtu wa chini ya kilo mia, naye alikuwa mia na ishirini na nane. Akapewa kiti stoo ahesabu balbu, huku vijana aliowafundisha mwenyewe wakipanda. Jumatatu hii ndiyo mwisho. Akiwa chini ya mia anarudishiwa mkanda, akiwa juu anabaki na balbu mpaka pensheni.

Kwa hiyo wiki ya kumi sasa anakula chakula cha pakiti, kile kinachouzwa tayari kimepikwa na kugandishwa. Pakiti moja kwa siku: wali wa kujaza kiganja, vipande vya kuku na karoti za kuhesabu. Friza, na pakiti sabini na tatu ndani yake, alipewa na Ratili mwenyewe, aliyelipata kwenye duka lililofungwa na kuona haya kulivunja likiwa linafanya kazi. Pakiti hazikuwa na jina la kiwanda. Ratili alilipima friza kama anavyopima kila kitu, akaandika uzito wake kwa chaki mgongoni, akalituma kwa shemeji na salamu nyingi.

Ijumaa hiyo Nguzo alikuja akitembea taratibu, shati likimfuata nyuma.

Mawimbi: Panda, panda mgonjwa wetu, daktari anasubiri.

Nguzo akapanda mzani. Zamani sahani ilikuwa ikipiga kelele. Leo haikusema kitu. Ratili akainama kusoma.

Ratili: Mia kamili.

Profesa: Allah! Sikuwaambia? Haba na haba hujaza kibaba!

Bi Buli: Hujaza, Profesa. Hujaza. Mwenzio anapungua.

Profesa: Methali ni spana, Bi Buli. Hufungua hata nati isiyo yake.

Wakacheka, na baada ya kucheka wakangoja. Kijiwe kilikuwa na desturi ya kumngojea Nguzo amalizie, kwa sababu kicheko chake kilianzia tumboni: ngurumo tatu, kimya kidogo, ndipo kinatoka mdomoni na kuamsha mtaa. Leo hakikuja. Ratili akajaribu kukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho, akashindwa, na jambo hilo likamkera kuliko alivyotegemea.

Akaenda ukutani kuandika. Safu ya chaki ilikuwa imefika mistari kumi, na kila mstari ulipungua sawasawa na ule wa juu yake: kilo mbili na gramu mia nane. Wiki ya homa, mbili na mia nane. Wiki ya harusi vilevile.

Ratili: Shemeji, kule harusini ulikula nini?

Nguzo: Kila kitu. Halafu nikarudi nikala na pakiti.

Ratili: Na ukapungua mbili na mia nane.

Nguzo: Si ndivyo ulivyosoma wewe?

Mawimbi: Ngoja, ngoja. Pakiti moja ina gramu ngapi?

Nguzo: Mia nne.

Profesa akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya Bi Buli.

Bi Buli: Mia nne mara saba ni elfu mbili na mia nane. Niachie mkono wangu.

Mtu anakula kitu cha gramu mia nne, anapungua gramu mia nne. Kijiwe kikanyamaza, na kijiwe kikinyamaza, jua kuna uongo unachemka.

Mawimbi: Ni baridi hiyo. Chakula kimekaa kwenye barafu miezi. Kikiingia mwilini, mwili unawasha jiko kukipasha, na kuni zake ni mafuta yako.

Bi Buli: Si anakichemsha kwanza?

Mawimbi: Anachemsha nje, mama. Baridi ya ndani haichemki. Mimi nimefungua redio zilizonyeshewa, najua.

Profesa: Baridi wapi! Sikilizeni sayansi. Chakula cha sokoni kimekufa. Cha sufuriani kimekufa na kuzikwa. Lakini kilichogandishwa hakijafa, kimelala. Ukikiamsha, kinaamka na njaa ya siku zote kilizolala. Sasa tumboni wanakutana wenye njaa wawili. Nani atamla mwenzake?

Mawimbi: Kikulacho ki frizani mwako!

Bi Buli: Mimi sikusoma, lakini nimemimina kahawa miaka mingi. Ikitoka kwenye buli iko kikombeni. Ikitoka kikombeni iko tumboni. Ikitoka tumboni, jamani, ipo mahali. Sijaona kitu kinachotoka kikaenda pasipo mahali. Hizo kilo zimehamia kwa mtu.

Mawimbi: Kwa mtu gani?

Bi Buli: Nyinyi tafuteni aliyenenepa.

Wote wakamgeukia Mawimbi. Akavuta shati kufunika kitambi.

Ratili hakucheka. Asubuhi ile dada yake alimpigia simu, na sauti yake haikuwa ya kuombea sukari. "Kaka, friza lako limevunja sakafu," alisema. Vigae vinne vilipasuka chini ya miguu ya friza, nalo lenyewe likiwa karibu tupu. Kisha akaongeza: "Jana nilimwita baba watoto mara tatu. Amekaa mbele yangu, ananitazama, haitiki. Lililonguruma ni friza. Njoo ulichukue, kaka, nakuomba." Ratili akatuma mtu wa mkokoteni bila kumwambia yeyote. Sasa alikaa akijiona mwizi na mwenye hatia kwa pamoja, maana friza lilikuwa zawadi yake na chaki ilikuwa yake.

Ratili: Shemeji, hebu niambie. Mwenyewe unajisikiaje?

Nguzo: Mwepesi.

Ratili: Mwepesi vizuri?

Nguzo akakizungusha kikombe chake. Kahawa ilikuwa imepoa na hakuwa ameigusa.

Nguzo: Juzi binti yangu mdogo alinikimbilia akanikumbatia. Nikaona anakumbatia shati. Najua kwamba nampenda, Ratili. Lakini nilijua tu, vile mtu anavyojua namba yake ya simu. Sikusikia kitu hapa.

Akajigusa kifua.

Ratili: Basi acha. Rudi kwenye chakula cha nyumbani. Balbu nazo ni kazi.

Nguzo: Balbu? Miaka ishirini na mbili, mtaa mzima ukiingia giza, naitwa mimi. Ninapanda, watu wanasimama chini wanatazama juu, nikishuka kuna mwanga. Umewahi kutazamwa hivyo wewe? Zimebaki pakiti tatu na siku tatu. Nitazila, Jumatatu napanda, halafu hayo mengine tutayaona.

Ratili: Na kama hazipo?

Nguzo: Hazipo vipi?

Kabla Ratili hajajibu, gurudumu lililia kwenye kona. Mtu wa mkokoteni akatokea amelowa jasho, friza jeupe likiwa limefungwa kamba nyuma yake, waya wake umeviringishwa juu ya kifuniko. Kijiweni hapo hakuwahi kukaa.

Mtu wa mkokoteni: Hodi wenye kijiwe.

Profesa: Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Nguzo akasimama.

Nguzo: Hilo si langu hilo?

Ratili: Nimelitaka mimi. Dada kaniomba. Kaa, shemeji, tusigombane mbele ya mgeni.

Bi Buli akampa mgeni kahawa. Alikunywa akilitazama friza kwa pembe ya jicho.

Mtu wa mkokoteni: Samahani, wakubwa. Mimi mizigo naijua. Kuna mzigo mfu, huo unakuachia kazi yote, ukifika kwenye kona unakuvuta mtaroni. Na kuna mzigo hai. Nimewahi kubeba wagonjwa. Mgonjwa hata akiwa hoi, kwenye kona anajishikilia, anaegemea upande wa pili kukusaidia. Sasa hili friza...

Mawimbi: Hili friza nini?

Mtu wa mkokoteni: Kwenye kona lilikuwa linaegemea.

Mawimbi: Barabara hiyo, bwana. Imechimbika.

Lakini alisema huku anasogea mbali.

Wakalishusha wanne, wakaliweka juu ya mzani kwa kuwa kila kinachoingia uwanjani kwa Ratili hupimwa, na Ratili hakujua njia nyingine ya kukikaribisha kitu. Akainama. Akafuta kioo kwa shati, akasoma upya.

Ratili: Themanini na tisa na gramu mia mbili.

Kisha akazunguka nyuma, kwenye chaki yake. Mwandiko ulikuwa wake, na ile tisa yenye mkia mrefu ilikuwa yake. Themanini na tisa na gramu mia mbili.

Ratili: Siku lilipotoka hapa lilikuwa hivihivi. Na lilikuwa na pakiti sabini na tatu.

Profesa: Na sasa?

Mawimbi akafungua kifuniko kwa ncha za vidole. Chini kabisa zililala pakiti tatu, ngumu kama jiwe ingawa friza lilikuwa juani saa nzima. Hapakuwa na barafu wala maji. Bi Buli akaingiza mkono kupapasa pembeni, akautoa haraka.

Bi Buli: Jamani. Kuta zake zina joto. Lile joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

Profesa: Haba na haba...

Bi Buli: Malizia, Profesa.

Profesa akasogea nyuma ya Bi Buli.

Pakiti sabini zilikuwa zimeliwa, kilo ishirini na nane. Ukutani safu ya chaki ilianza mia na ishirini na nane ikaisha mia. Ratili hakuhitaji vidole vya mtu.

Ratili: Shemeji, nakusihi. Usizile hizo tatu.

Nguzo: Nipishe, Ratili.

Alisema bila hasira, na huko kukosa hasira ndiko kulikomtisha Ratili. Nguzo wa zamani angetukana kwanza, kisha angecheka. Huyu alinyoosha mkono ndani ya friza kama anayechukua kitu chake. Ratili akausukuma mkono wa shemeji pembeni, akafunga kifuniko, akakikalia kwa uzito wake wote.

Hapo chini yake friza likanguruma. Waya ulikuwa mikononi mwa Mawimbi. Likanguruma mara ya pili, na ya tatu. Kisha kikafuata kimya kidogo.

Wote wakamgeukia Nguzo. Mdomo wake ulikuwa umefumba. Alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili, akilipapasa huku na huku, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kujikunja.

Nguzo: Hicho ni changu. Hicho kicheko ni changu.

Bi Buli akainua buli akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja, basi.

Mtu wa mkokoteni akakiweka kikombe chini na kujifuta mikono.

Mtu wa mkokoteni: Haya wakubwa, jua linanikimbia. Yule mama kule nyumbani aliniambia nikishashusha friza, nimpandishe mume wake nimrudishe, maana siku hizi kutembea kunamshinda.

Akamtazama Nguzo aliyesimama ndani ya shati lake. Akalitazama friza. Akamtazama tena Nguzo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

Mtu wa mkokoteni: Sasa nimrudishe yupi?

Mawimbi akaangalia waya. Profesa akaangalia viatu vyake. Ratili, mtu wa kupima kila kitu, akainuka taratibu juu ya kifuniko, akakifuta vumbi kwa kiganja pale alipokuwa amekaa.

"Samahani, shemeji," akaliambia friza.