Mwalimu Isakwisa Ambakisye, Aliyepima Ugumu wa Mpira

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu waombolezaji, ukoo umenipa kazi ya kueleza maisha ya kaka yangu. Nitayaeleza pamoja na wivu wake, maana nikiuondoa wivu tutakuwa tunamzika mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1942 karibu na Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mtoto wa kwanza wa Mzee Ambakisye na Mama Atusaye. Alisoma hukohuko Rungwe, kisha akajiunga na chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1964. Mama anakumbuka kwamba kila likizo alifungua chochote chenye springi ndani ya nyumba, ikiwemo saa ya baba. Saa hiyo haikutembea tena.

Januari 1968 alihamishiwa Sumbawanga, katika shule ya msingi hapa Izia. Nyumbani tulidhani angekaa kidogo na kurudi. Hakurudi. Barua zake zilijaa habari za wanafunzi wenu, nani ameelewa na nani bado, na sisi ndugu zake tulipata salamu mstari wa mwisho.

Vifaa vya sayansi havikuwapo. Wapo wasomi, nami nimesoma nao, wanaoamini kwamba sayansi huletwa kwa meli ndani ya masanduku. Kaka hakuyasubiri masanduku. Alikata vipande vya tyubu za lori na za baiskeli, urefu mmoja na upana mmoja, akavitundika kwenye kenchi la paa la darasa. Chini alining'iniza mfuko wa mchanga, pembeni akasimamisha rula. Wanafunzi walisoma mpira umenyooka kiasi gani, wakaongeza mchanga, wakasoma tena, kisha wakaondoa mzigo wote kuona kama unarudi ulipoanzia. Kipande kilichohitaji mchanga mwingi ili kinyooke kidogo, hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Kilichovutwa kupita kiasi kilibaki kirefu, hakikurudi. Huo ndio Ujamaa ninaouamini mimi: tyubu iliyotupwa barabarani imfundishe mtoto wa mkulima kitu ambacho hakuna atakayemnyang'anya.

Shuleni hapo alikuwapo Mwalimu Epifania, binti wa Mzee Fransisko wa Mwazye, aliyefundisha ushonaji. Alikuwapo pia Mwalimu Clemens, ambaye leo amekaa mbele yetu, naye mtu wa Mwazye. Hao wawili waliongea Kifipa. Kifipa cha kaka kiliishia kwenye salamu. Kila walipocheka aliamini anachekwa yeye, na Epifania, ambaye leo ni shemeji yangu, anasema mara nyingi ilikuwa kweli.

Mwaka 1973 lastiki ilipotea madukani, na watoto walitakiwa kushonewa sare za halaiki ya Saba Saba. Mwalimu Epifania akawaomba walimu mipira ya kiunoni. Clemens alileta tyubu ya baiskeli. Kaka alileta ya lori, akaitundika mipira yote miwili mbele ya darasa la sita, akapima, na akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi ofisi ya walimu kwamba wake ni mgumu kuliko wa Mwalimu Clemens, tena kwa mbali. Clemens akasema, "Umeshinda, Mwalimu. Dada, shona." Ikashonwa ya lori.

Siku ya sikukuu watoto walilishwa kwanza, ugali na maharage, wakashiba. Halaiki ilipofika katikati, darasa la tatu wakaanza kukaa chini mmoja mmoja mbele ya mgeni rasmi, wameshika viuno. Kila mmoja alikuwa na alama nyekundu kuzunguka tumbo.

Mwalimu Epifania alimfuata kaka nyuma ya umati.

"Ulipima mpira, Mwalimu Isakwisa. Tumbo hukulipima."

"Nilitaka wangu uushinde wa Clemens."

"Nani alikuambia mipira inashindana?"

Kaka akajibu, "Sikusema mpira."

Hivyo ndivyo alivyomposa. Shemeji anasema hakumjibu siku ile; alimwambia kwanza akawaondolee watoto maumivu. Jioni hiyohiyo kaka alikwenda nyumbani kwa Clemens kuomba tyubu ya baiskeli, na katika safari zake zote hiyo ndiyo aliyoiita ndefu. Clemens alimpa, akamkaribisha na chakula.

Jibu lilikuja sare zilipokwisha kushonwa upya. Ndoa ilifungwa tarehe 29 Desemba 1973 katika Kanisa Katoliki, ingawa sisi kwetu ni Wamoravian na wapo walionuna. Msimamizi wake alikuwa Clemens. Kaka mwenyewe alimtaka, ili siku nzima awe ubavuni pake, amwone.

Agosti 1980 marehemu alianza kuugua figo. Alitibiwa Sumbawanga na Mbeya. Tulitaka tumpeleke Tukuyu akaugulie kwa mama yake. Alikataa, akasema hata kuzikwa atazikwa Izia. Nasema wazi mbele ya kaburi hili: nawaonea wivu. Kwetu alizaliwa tu. Ninyi mmempata wote, na hata udongo wake mnabaki nao.

Clemens alikuja kumwangalia kila siku. Kaka alimwambia mkewe, "Mwambie akae hapa ndani. Mkiwa wawili huko nje sipati usingizi." Jumatatu, siku ya mwisho ya kuongea kwake, alimwita Clemens karibu.

"Rula na mifuko ya mchanga nakuachia wewe. Epifania simwachii mtu."

"Lala, mzee. Mimi nina mke nyumbani."

"Najua. Ndiyo maana nakuachia rula."

Akacheka, na shemeji akacheka naye. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Machi 1981, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Ameacha mama, mjane Epifania, watoto watatu, Suma, Anyitike na Silvana, mdogo wake mimi Lutengano, na wanafunzi ambao sitajaribu kuwahesabu. Mwalimu Clemens, rula iko kwa shemeji. Uje uichukue mchana, watu wakiwapo, ili kaka yetu apate kulala kwa amani.