Mama Maswali, Fundi wa Misumeno ya Mnyororo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi. Alikuwa mama, na kazi yake ilikuwa kutengeneza misumeno ya mnyororo, ile ya injini, inayoangusha miti na kupasua magogo. Alifariki Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: yule mama fundi wa misumeno, wa karakana yenye mlango wa kijani, ametutoka Alhamisi iliyopita.

Wengi wenu hamkumjua kwa jina. Mlimwita Mama Maswali. Hata mimi nilimwita hivyo, na sababu ninayo.

Miaka mitano iliyopita niliingia kwenye karakana yake na haraka zangu. Kwangu kulikuwa na mti umeegemea ukuta. Nikaona msumeno mkubwa umetundikwa juu, upanga wake mrefu kama mkono wangu. Upanga ndio ule ubapa wa chuma unaozungukwa na mnyororo. Nikasema, "Mama, nipe ule pale."

Hakuinuka. Alikuwa akinoa mnyororo, jino kwa jino. Akauliza, "Unakata nini?"

"Matawi."

"Mara ngapi?"

"Labda mara mbili kwa mwaka."

"Umewahi kushika msumeno?"

"Sijawahi, lakini mimi ni mwanamume."

Akanitazama juu ya miwani. "Mti hauulizi hilo."

Basi akanishushia msumeno mdogo. "Huu wa nyumbani unakutosha," akasema. "Ule ni wa mtu anayeangusha miti tangu asubuhi hadi jioni. Ukiushika wewe, utakata tawi, utakata ukuta, na mguu utakuwa nyongeza." Wateja wengine walicheka. Niliondoka na msumeno mdogo na aibu kubwa.

Nilidhani ni tabia yake tu. Wapo watu wa namna hiyo, hawakupi chumvi mpaka wajue unapika nini. Sikujua kwamba maswali yale yalizaliwa na msiba.

Wasikilizaji wapendwa, turudi nyuma miaka kumi na tisa. Wakati huo mama huyu hakuwa fundi wa misumeno. Alikuwa fundi cherehani. Mumewe alikuwa mpasua mbao, akifanya kazi na mdogo wake wa kuzaliwa. Walikuwa kama kidole na ukucha, hao ndugu wawili. Ukimwona mmoja barabarani, geuka, utamwona mwenzake.

Msumeno wao wa kazi ukaharibika, na vipuri havikupatikana. Yule mdogo mtu akaenda kutafuta, akarudi na msumeno mpya, mwepesi, unang'aa. Muuzaji alikuwa amemwambia, "Chukua huu, yote ni misumeno." Kumbe ulikuwa msumeno wa nyumbani. Umetengenezwa kwa mtu kama mimi, wa matawi mara mbili kwa mwaka. Wao waliufanyisha kazi miezi tisa, siku sita kwa wiki.

Ikafika siku moja, saa saba mchana. Ncha ya upanga iligusa tawi lililojificha nyuma ya gogo. Msumeno ukaruka nyuma. Breki haikushika. Mume wa mama yetu alifia pale pale, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Aliacha mke, na binti wa miaka saba.

Baada ya mazishi, mjane alifanya jambo ambalo watu hawakulielewa. Aliomba aletewe ule msumeno. Akatandika gazeti juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, akachukua bisibisi ya cherehani, akaufungua. Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, aliniambia hivi: "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamuuliza, mama, unatengeneza? Akasema, hapana mwanangu, nataka kujua."

Akapata alichokuwa anakitafuta. Mbele ya mshikio wa msumeno kuna kinga ya mkono. Kinga hiyo ndiyo breki. Mkono ukiisukuma, mnyororo unasimama papo hapo. Kwenye msumeno ule, plastiki inayoshika kinga ilikuwa imepasuka. Na mtu alikuwa ameifunga kwa waya, ule wa uzio, ili isining'inie. Imefungwa kwa waya, haisogei. Haisogei, haifungi breki.

Mama akauchukua ule waya akaenda nao moja kwa moja kwa shemeji yake. Akautupa miguuni pake. Akamwambia, mbele ya watu, "Ulimnunulia kaka yako kifo, kisha ukakifunga kwa waya."

Shemeji aliinama, akauokota waya, akautia mfukoni. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumbani kwa shemeji yake. Miaka kumi na miwili, wasikilizaji wapendwa. Narudia: miaka kumi na miwili.

Mama naye hakurudi kwenye cherehani. Kulikuwa na mzee mmoja akitengeneza pampu za maji na jenereta. Alimwendea, akamwambia, "Nifundishe injini." Mzee akacheka, akadhani utani. Kisha akaona macho yake, akaacha kucheka.

Siku ya kwanza mzee aliweka misumeno miwili mezani, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazi, akaifungua yote. Mama mwenyewe alipenda kusimulia somo lile, na nililisikia kwake zaidi ya mara moja. Kwa nje, alisema mzee, utadhani mapacha. Fungua sasa. Huu wa nyumbani, kasha lake ni plastiki, injini imekaa ndani kama kiazi ndani ya sufuria. Huu wa kazi, kasha lenyewe ni chuma chepesi, na ndilo linalobeba injini, linahimili joto la kutwa. Pampu ya oili ya mdogo inatoa kiasi kile kile, gogo liwe jembamba au nene. Ya mkubwa unaipunguza na kuiongeza kadiri ya kazi. Mdogo unazuia mtetemo kwa raba, mkubwa kwa springi. Chujio la hewa la mdogo ni kama leso, la mkubwa ni kama mlango. Hata kuukarabati, mdogo ukiharibika mashine ya ndani lazima uchomoe kila kitu. Mkubwa unafungua kifuniko kimoja, unafika.

Mama akauliza, "Kwa hiyo huu mdogo ni mbovu?"

Mzee akatikisa kichwa. "Mdogo hana kosa. Kosa ni la anayembebesha mzigo wa mkubwa."

Alijifunza kwa mzee miaka mitatu. Halafu akafungua karakana yake. Upande wa kushoto, rafu ya misumeno ya nyumbani. Upande wa kulia, ya kazi. Katikati, yeye na maswali yake. Unakata nini? Siku ngapi kwa wiki? Nani mwingine ataushika? Onyesha breki inavyofanya kazi. Ukishindwa kuonyesha, huondoki nao. Wapo waliokasirika wakaenda kununua kwingine. Alikuwa akiwaaga kwa adabu, "Nenda salama, na ukirudi uje na vidole vyote kumi."

Wapasua mbao walimheshimu. Walijua kwamba mkono wake haukuwahi kuachia msumeno wenye breki mbovu. Hata mmoja. Na ukimletea msumeno uliofungwa kwa waya, hakukuuliza kitu. Aliukata ule waya kwanza, ndipo akakusalimu.

Na ni waya uliofungua mambo, miaka saba iliyopita. Asubuhi hiyo aliingia mpasua mbao mmoja mzee, anayechechemea mguu. Akakuta mama anakata waya kwenye msumeno wa mteja. Akaguna. Akasema, "Ndivyo alivyoufunga marehemu."

Mama akasimamisha koleo. "Marehemu yupi?"

"Mumeo, mama. Mimi nilikuwepo. Sikujua kama hujui."

Ndipo yule mzee akamsimulia, akiwa amesimama na kofia mkononi. Waya aliufunga mume mwenyewe. Mdogo wake alipouona asubuhi ile, waligombana. Mdogo akasema, "Kaka, msumeno huu haukati tena, leo tunarudi." Akauchukua, akaufungia ndani ya gari, akatia ufunguo kwenye koti lake. Kisha akavua koti akaenda kuchota maji mtoni. Kaka mtu akacheka tu. Akasema, "Limebaki gogo moja." Akautoa ufunguo kwenye koti.

Gogo moja, wasikilizaji wapendwa.

Mdogo mtu alisikia injini ikinguruma akiwa na ndoo mkononi. Alikimbia. Hakuwahi.

Mama alifunga karakana saa tano asubuhi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa shemeji yake, ambaye siku hizo alikuwa akitengeneza vitanda na viti. Alimkuta anapiga randa. Nimezungumza na huyo shemeji wiki hii, na maneno nitakayoyasema ni yake.

"Aliniambia, shemeji, nimesikia. Nikaendelea kupiga randa. Akasema, kwa nini hukuniambia? Nikamwambia, ningekwambia nini? Kwamba aliyekuachia mtoto mdogo alijitakia? Ulihitaji mtu wa kumkasirikia, shemeji. Marehemu usingeweza. Mimi nilikuwepo."

Nilimuuliza, mama akafanya nini?

"Alikaa chini kwenye maranda. Akalia. Akasema, watu wote wanaoingia kwangu nawauliza maswali. Wewe peke yako sikukuuliza. Nikamwambia, shemeji, na mimi msumeno niliununua bila kuuliza. Basi tukalia wote wawili, mpaka mteja wa kitanda akaja akafikiri tumefiwa siku hiyo."

Ilikuwa kama wamefiwa siku hiyo, kwa kweli.

Kuanzia mwezi uliofuata, shemeji alihamia karakana yenye mlango wa kijani. Binti alimpata tena baba yake mdogo. Aliniambia, "Siku ya kwanza nilimwamkia kama mgeni. Siku ya tatu ananitania kuhusu wachumba." Kwa miaka saba walifanya kazi pamoja, mama akiinamia injini, shemeji akinoa minyororo. Walibishana kila siku. Shemeji anapenda redio iwe juu, mama anataka asikie injini. Nakiri, wasikilizaji, kwamba katika ugomvi huo mimi nilikuwa upande wa shemeji.

Mwaka huu, baada ya mvua, mama alianza kukonda. Akasema ni uchovu. Binti akamlazimisha kwenda hospitali. Saratani ya ini, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Daktari alisema miezi. Zikawa wiki tisa.

Wiki nne za mwanzo hakukosa kazini. Mikono haikuwa tena na nguvu ya kuvuta kamba ya kuwashia. Basi alikaa kwenye kiti, blanketi magotini. Shemeji anavuta kamba, injini inanguruma, mama anafumba macho na kusikiliza. "Kabureta. Punguza kidogo. Kidogo tena. Hapo." Shemeji aliniambia kwamba siku moja msumeno ulikuwa sawa kabisa, na bado mama hakusema "hapo." Alipogeuka akaona machozi. Akazima injini. Mama akamwambia, "Usiuzime. Uache ungurume."

Hata hospitali hakuacha ufundi. Alimuuliza muuguzi mashine ya hewa iliyokuwa kando ya kitanda husafishwa chujio lini. Muuguzi akacheka, akafungua, akakuta vumbi. Kesho yake wakazisafisha zote wodini.

Jumatano alasiri, siku moja kabla hajatuacha, alifumbua macho akamkuta shemeji yake pembeni. Akamuuliza, "Umekula?"

"Nimekula, shemeji."

"Muongo," akasema. Akatabasamu, akalala.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa binti yake. Pole mwanangu. Ulimpoteza baba ukiwa na miaka saba, na sasa mama ukiwa na ishirini na sita. Pole kwa shemeji, aliyebeba lawama isiyo yake miaka kumi na miwili na hakuitua njiani. Pole kwa wapasua mbao wote ambao leo wana mikono miwili na hawajui wamshukuru nani. Mungu ampumzishe fundi wetu pema.

Nimeambiwa nimalize kwa neno la kutafakari. Sina neno kubwa. Nawaza tu juu ya shemeji yule, jinsi alivyokuwa akipita mbali na mtaa wa kaka yake, sikukuu kwa sikukuu, binti wa kaka yake akikua bila yeye kumwona. Na nawaza ingekuwaje kama yule mzee anayechechemea asingeingia asubuhi ile. Huenda kuna mtu ulimhukumu na hukumsikiliza. Huenda yuko mtaa wa pili tu, naye amenyamaza kwa sababu anakuonea huruma.

Muziki wa dakika tatu unakuja sasa. Mtangazaji hapaswi kusema hivi, bosi wangu anisamehe. Usiusikilize. Zima redio, mpigie simu.