Mama Drusilla Nyanchoka na Faili la Mashine ya Tabaka

Wewe uliyeikuta karatasi hii ndani ya programu yako ya sherehe ya kuaga, nakuomba uikunje tena kama kuna mtu karibu nawe. Isome ukiwa peke yako, na neno lake hata moja lisitoke kinywani mwako. Nimeiweka katika programu kumi na moja tu, za wenzetu ninaojua walikuwa kwenye makambi ya kanisa Agosti mwaka jana. Usiipige picha. Usimwonyeshe mwenzako hata kama unamwamini. Mimi pia nilikuwa nawaamini wote.

Bi. Drusilla Nyanchoka anastaafu Alhamisi hii, tarehe 31 Julai 2025, baada ya kukitumikia Kituo cha Ubunifu cha Mito Miwili, hapa karibu na Nyakoe, kwa miaka ishirini na tisa. Programu iliyochapishwa inasema hivyo pia, na hapo haijakosea. Mimi ndiye niliyeagizwa kuuandika wasifu wake. Niliandika kurasa tatu. Zilipelekwa ofisi ya leseni na biashara kukaguliwa, zikarudi aya nne, na jina la Bonareri, ambaye nitamfikia, limefutwa kila mahali lilipokuwa. Huu ndio wasifu wenyewe.

Alianza kazi Agosti 1996 akiwa mpiga chapa. Kituo kilikuwa vyumba viwili na karakana ya mabati. Mtu akileta kitu alichokibuni alipewa chai, akapigwa picha na mkuu wa siku hiyo, akarudi nyumbani na cheti cha pongezi. Miezi michache baadaye angekiona kitu chake kikiuzwa soko la Daraja Mbili na mtu asiyemjua. Mama Drusilla aliuliza mkutanoni, akiwa mpiga chapa tu, kwa nini watu wanapongezwa ili waibiwe vizuri. Akajisomesha sheria ya mali ya ubunifu kwa njia ya posta, akafanywa msajili mwaka 2004, na tangu hapo hakuna mchoro ulioingia kwenye kabati la kijani la mafaili kabla hajauandikia tarehe, saa na majina ya mashahidi wawili.

Kwenye chumba cha chai tulimwita Kufuli. Alijua. Alisema kufuli ndiyo inayowafanya majirani waendelee kusalimiana.

Wengi mnakumbuka habari ya Haron, mkulima wa chai wa Nyamira aliyebuni mkanda wa kubebea kikapu cha kuchumia chai bila kukata mabega. Kampuni moja iliomba leseni ya kuutengeneza. Mama alimsomea Haron mkataba kwa Kiswahili, akamsomea kwa Ekegusii, kisha akamwambia sasa amweleze yeye. Haron akaeleza kwamba kampuni itatengeneza mkanda miaka mitano na yeye atapata fungu lake. Mama akauliza, na baada ya miaka mitano? Haron akasema watakuwa wameshakuwa marafiki. Mama akairudisha kalamu mfukoni, akawaambia watu wa kampuni warudi wiki inayofuata. Mkataba uliotiwa sahihi ulikuwa na kifungu kinachorudisha kila kitu kwa Haron muda ukiisha. Kila Desemba Haron humletea mkungu wa ndizi, na Mama huuliza kwanza kama ndizi hizo hazihusiani na jambo lolote lililo kabatini.

Ndiye pia aliyemsaidia Bwana Shariff, mfanyabiashara wa mjini Kisii, kusajili alama ya biashara ya viungo vyake vya chai. Shariff alitaka picha ya paka wake. Mama alimuuliza kwa upole kama anauza chai au paka. Alama iliyosajiliwa ni birika, na paka amelala nyuma yake, mdogo sana, kwa sababu Shariff naye si mtu wa kushindwa kabisa.

Sasa nafika kwa Bonareri, na hapa nakuomba uangalie tena kama uko peke yako.

Bonareri anatoka Tabaka. Kule wanaume huchonga jiwe la sabuni, na wanawake hulisugua kwa msasa mpaka ling'ae. Vumbi lake ni jeupe na laini kama unga. Mama yake Bonareri alikohoa kwa miaka sita kabla ya kufa. Bonareri akatengeneza mashine kwa rimu ya baiskeli iliyovikwa msasa, inayozungushwa kwa mguu, na trei ya bati inayomwaga utando wa maji juu ya msasa ili vumbi lisipae. Siri yote iko kwenye nafasi kati ya mdomo wa trei na gurudumu. Ikizidi, maji yanaruka, ikipungua, yanaziba. Alijaribu kwa miezi mingi mpaka akaipata.

Alipoipata, alifanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Hakuja kituoni kwanza. Alikwenda kutoa shukrani. Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024, mashine ilibebwa na vijana wanne mpaka mbele ya mimbari kwenye makambi, akaikanyaga, akang'arisha kinyago cha kiboko mbele ya waumini mia tano, mchungaji akaiombea, na simu zikainuliwa kila upande. Mama Drusilla alikuwa kiti cha pili kutoka mbele. Yeye, ambaye hakuniruhusu kuacha mchoro mezani nikienda chooni, aliimba na kupiga makofi. Ameniambia mwenyewe kwamba alipofika nyumbani na kuvua viatu ndipo alipokumbuka kuwa kanisani pia ni hadharani. Kitu kikishaonyeshwa hadharani, sheria inampa mwenyewe miezi kumi na miwili kuomba hataza, yaani haki ya kukitengeneza yeye peke yake. Ikipita, kimekuwa cha kila mtu. Jumatatu yake alilifungua faili la Bonareri na kuanza kuhesabu siku.

Ombi halitoki kituoni bila kamati kuliidhinisha. Faili lilipelekwa Oktoba bila kipimo cha nafasi ile, likarudi lirekebishwe. Likapelekwa Desemba, likarudi tena. Kila mara aliyetaka marekebisho alikuwa mkuu wa leseni na biashara, Bwana Osoro, na kila mara yalikuwa madogo: mshale haukunyooka, jina la kijiji halikuandikwa kwa herufi kubwa. Mama hakulalamika. Mwezi Februari aliniita, akafunga mlango, akaniagiza nichape nakala tatu za mchoro kwa ajili ya wanakamati watatu. Nafasi ya kweli ni milimita tisa. Kwenye nakala ya Mkurugenzi nikaandika kumi na moja. Kwenye ya Bwana Nyabuto, mkuu wa karakana, nikaandika kumi na mbili. Kwenye ya Bwana Osoro nikaandika kumi na tatu. Nilimwuliza kama hiyo si kudanganya kamati. Akasema kamati inaidhinisha ombi, haitengenezi mashine, na mchoro wa kweli utakwenda na ombi lenyewe.

Mwezi Mei Bonareri alikuja na karatasi ya rangi aliyoikunja ndani ya leso. Ilikuwa inagawiwa na kampuni moja ya Nairobi kwa vikundi vya wanawake wa Tabaka, ikiwa na picha ya mashine, vipimo vyake, na maneno kwamba ombi la hataza limekwisha kuwasilishwa. Hakulia. Aliiweka mezani akainyoosha kwa kiganja.

"Mong'ina," alisema, kama tunavyowaita mama wazee kwetu, "hawa wanataka kuniuzia mashine yangu."

Mama alivaa miwani akatafuta kipimo kimoja tu. Kilikuwa milimita kumi na tatu.

Sisemi kwamba Bwana Osoro aliuza. Karatasi inaweza kuokotwa, ofisi inaweza kuingiwa, mtu anaweza kutazama begani pa mwenzake. Ninasema nambari iliyoonekana Nairobi niliichapa mara moja tu maishani, kwenye nakala moja tu, na najua niliikabidhi kwenye meza gani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia nani anaingia kwa nani na mlango unabaki umefungwa kwa muda gani. Nimeona pia kwamba mtu akisalimiwa vizuri kupita kiasi kwenye korido, hugeuka kuangalia nani ameona.

Kamati iliahirisha tena mwezi Juni. Siku mbili baadaye Bwana Osoro alimkuta Mama mbele ya kabati, mimi nikiwa nyuma ya mashine ya kutoa nakala. Alizungumza akicheka.

"Mama, pumzika sasa. Funguo hizo zimekuwa nzito kwa umri wako."

"Ni nzito kwa sababu ni za watu, tata," Mama alijibu, akimwita baba kwa Ekegusii. "Zingekuwa zangu ningekuachia."

Tarehe 22 Julai alichukua siku moja ya likizo yake. Kwenye daftari la ruhusa aliandika kwamba anakwenda kupima macho. Alikwenda Nairobi na Bonareri, wakiwa na mchoro wenye milimita tisa, wakaliwasilisha ombi kwa jina la Bonareri mwenyewe, si la kituo. Wana stakabadhi yenye muhuri. Ndani ya miezi kumi na miwili, zikiwa zimesalia siku ishirini na sita. Hakuomba kibali cha kamati. Nilimwuliza kama haogopi kupoteza kiinua mgongo chake. Alisema anaogopa sana, ndiyo maana alikwenda asubuhi na mapema kabla hajabadili nia.

Lakini ombi la kampuni ndilo lililotangulia. Ili lipingwe, lazima ithibitike kwamba mashine ilitoka kwa Bonareri na kwamba aliionyesha kabla ya wao. Simu zilizoinuliwa siku ile zilikuwa nyingi, na tunaowauliza wanasema wamefuta. Simu ya Mama ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haipigi picha. Na kuanzia Ijumaa funguo za kabati la kijani zitakuwa kwa Bwana Osoro.

Mama Drusilla, miaka ishirini na tisa umelinda vitu ambavyo havikuwa vyako, na hukuchukua hata kimoja. Wenzako waliokutania kwa jina la Kufuli wanakushukuru, na mimi uliyenifundisha kuandika saa kwenye kila karatasi nakushukuru zaidi. Nenda ukapalilie chai yako bila kugeuka nyuma kila hatua. Mungu akupe magoti yenye nguvu, majirani wanyoofu, na usingizi ambao hukuupata mwaka huu.

Na wewe unayesoma: kama una video ya siku ile, usinitumie kwa simu wala kwa barua pepe ya kituo, maana sijui nani anaisoma. Usije mezani kwangu. Nenda Daraja Mbili Jumapili yoyote kabla ya tarehe 15 Agosti, uingie upande wa mitumba, umwulize Laila anayeuza mapazia. Mwambie unatafuta pazia la jikoni la buluu. Yeye atakuelekeza kwa Wakili Ubah, ghorofani mtaa wa pili, ambaye hana uhusiano wowote na kituo. Kama huna video lakini uliona kwa macho yako, nenda vivyo hivyo na kitambulisho chako, uape ulichokiona. Hutakuwa wa kwanza. Hati ya kiapo kuhusu nakala zile tatu niliitia sahihi Jumatatu, kwa jina langu lote, na utaliona hapo juu ya meza ya Wakili. Hapa siliandiki. Ukinikuta kwenye korido, nisalimie kidogo tu, kama siku zote, kisha upite.