Mzee Uweso, Fundi Sola Aliyetumalizia Kanga

Mzee Uweso Tahiri ameitumikia kambi yetu ya wageni hapa Ushongo miaka ishirini na miwili, na leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, anastaafu. Meneja wetu, Bwana Abdulghani, kasema mimi Mama Najat wa jikoni ndio niandike, eti kwa vile nina maneno mengi. Haya, nayaandika. Ila mniwie radhi, maana huyu mzee kanichosha.

Alianza kama fundi wa pampu ya maji. Siku hizo sola hatuijui, ni jenereta tu, likikohoa tunakula gizani. Halafu yakaanza kuja haya magari-nyumba, yanaingilia mpakani Horohoro yakitokea Mombasa, ndani mna kitanda, jiko, friji, mpaka choo. Mtu anatembea na nyumba yake kama kobe! Yanafika hapa betri zimekufa, maziwa yamechacha, wageni wamenuna. Mzee Uweso ndiye aliyejifunza kuyafungia paneli za sola juu ya paa na kuziunganisha na betri. Akawa hodari kweli, hilo simnyimi. Tangu hapo mgeni haondoki hapa na friji ya moto.

Lakini polepole yake, jamani! Kazi ya asubuhi inaisha magharibi. Kwanza alizunguke gari kama anachagua mbuzi wa Idi. Kisha chai. Kisha apime betri na ile mita yake, aitazame, apime tena, utadhani betri imemdanganya. Ndio sasa aje mlangoni kwangu: "Mama Najat, nipe kanga mbili."

Maana paneli ikiona jua tu inatoa umeme, haijali kama fundi kashika waya. Kwa hiyo inafunikwa kwanza. Kisha betri inaungwa na kontrola, kile kiboksi kinacholizuia jua lisiivuruge betri, na paneli inaungwa mwisho kabisa. Ukianza na paneli, kontrola inaweza kuungua. Hayo nayajua mimi mpika wali, kwa kuyasikia kila wiki! Sasa mtu mzima na ujuzi wote huo anashindwa nini kununua turubai? Hataki. Turubai, anasema, linapeperuka, kanga inafungika. Matokeo yake sina kanga hata moja isiyo na gundi nyeusi ya paneli.

Mwaka juzi mzungu mmoja na mkewe waliondoka hapa wakicheka. Kesho yake wanapiga simu kutoka Mombasa: betri haichaji, samaki wameoza, wanamtaka mkubwa. Bwana Abdulghani jasho linamtoka. Mzee Uweso kachukua simu taratibu, kawauliza tu kama wamepanda kuangalia juu ya paa. Walipopanda wakakuta kanga yangu ya njano imefungwa kwenye paneli kama ilivyoondoka hapa, haijasogea hata kidogo. Mzee alisahau kuifungua! Mngedhani ataona haya? Kakata simu, katutazama: "Mmeona? Turubai lisingefika Mombasa." Mimi hata pasipoti sina, kanga yangu imevuka mpaka.

Na bado hilo si lililonichosha zaidi. Lililonichosha ni Loveness. Huyu dada wa kufua mashuka aliletwa miaka mitatu iliyopita ajifunze kazi kwa Mzee, ili Mzee akiondoka yeye ashike. Miaka mitatu anashika ngazi! Kila akitaka kupanda, mara gari hili lina waya ngumu, mara wenyewe wana haraka, mara jua kali. Jua kali, na kazi yenyewe ya sola! Mwezi jana Bwana Abdulghani katamka: siku Mzee anaondoka, kama hapa hamna mtu wa kuifanya kazi hiyo, analeta fundi kutoka Dar, na Loveness atarudi kufua mashuka. Dada wa watu alikuja kulia jikoni kwangu mpaka nikampa vitunguu akate, apate kisingizio.

Juzi Jumatano likaingia gari la mwisho la Mzee. Akalizunguka, akanywa chai, akapima, akaja: "Mama Najat, nipe kanga."

Nikamwambia sina.

"Na hizo kwenye kamba?"

"Hizo za Loveness." Nikazianua, nikamtupia dada. "Panda, mwanangu."

"Mama Najat, huyu ataunguza gari la watu!"

"Si upo hapo chini? Mwambie! Miaka yote hiyo ulimfundisha nini, kushika ngazi?"

Wafanyakazi wote wamejaa, Bwana Abdulghani katoka ofisini, wageni wametoa viti. Loveness keshaanza kupanda. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akashika ngazi.

Basi kelele hizo! "Funika yote we mtoto, kona hiyo inaona jua! Haya, shuka. Fyuzi umeiweka karibu na betri?"

"Nimeiweka, Mzee."

"Chanya ipi?"

"Hii nyekundu, Mzee. Na shikamoo, maana tangu asubuhi hujanipa nafasi."

Akaitikia marahaba kwa hasira, watu hoi kwa kicheko. Loveness akaunga betri na kontrola, akapanda tena akaunga paneli, akafunua. Taa ya kontrola ikawaka kijani. Tukataka kupiga vigelegele, Mzee akainua mkono. Akaingia garini na mita yake, akapima. Akapima tena. Loveness huko juu kashika ukingo wa paa kwa mikono yote miwili.

Mzee akatoka, akamgeukia Bwana Abdulghani. "Mwandike huyu. Ila waya kazipanga kama tambi."

Kuanzia Jumatatu fundi sola wa kambi ni Loveness, na Dar haijapigiwa simu.

Mzee Uweso, tunakushukuru kwa mwanga, kwa friji za baridi, na kwa wageni walioondoka wanacheka. Nenda kwako Kigombe ukapumzike, Mungu akupe afya na siku nyingi za raha na Bi Mwanamkasi wako. Ukitukumbuka njoo, wali upo. Kiti nitakuwekea mwenyewe, kitaelekea baharini, magari uyape mgongo, maana dada atakuwa kazini.